Mashine Aliyoiomba Masunga

Kazi ya Masunga ilikuwa kukanyaga. Asiyeijua kazi hiyo hucheka akiisikia, kwa kuwa hajapata kuona pamba ikitoka kuchambuliwa, imeachana na mbegu zake, nyepesi kama povu la sabuni. Ili povu hilo ligeuke robota gumu la kupakiwa kwenye behewa, lazima kitu kizito kilishindilie. Katika kinu kimoja kilichokuwa kando ya njia ya Kasoli, kinu ambacho watu walikiita Kwa Mabati, kitu hicho kizito kilikuwa watu. Walikuwa ishirini na wanne. Waliingia wawili wawili ndani ya sanduku la mbao lililozamishwa ardhini kimo cha mtu na nusu, pamba ikamwagwa kutoka juu, nao wakaikanyaga kwa miguu mitupu, wakizunguka na kuimba ili hatua zisipishane. Pamba iliwapandisha polepole mpaka vichwa vyao vikatokeza juu. Hapo robota limejaa, linabanwa, linafungwa kwa vyuma, nao wanashuka chini kuanza jingine. Wenyewe walipaita shimoni.

Masunga aliingia shimoni bado kijana, ndevu hazijamjaa, zama za Wahindi, kabla ya Uhuru. Baadaye kinu kikachukuliwa na ushirika. Picha iliyotundikwa ukutani ofisini ikabadilishwa, bendera ikabadilishwa, meneja naye akawa mtu wa rangi yetu. Shimo likabaki vilevile.

Ugonjwa wa shimoni ulikuwa na siku yake. Jumapili mtu alipumzika, kifua kikafunguka. Jumatatu akishuka tu na kuvuta lile vumbi, mbavu zilikaza kama aliyefungwa kamba ya ng'ombe. Jumanne ilikuwa afadhali, na kufika Ijumaa alikwisha kusahau. Kwa hiyo ugonjwa wenyewe waliuita Jumatatu. Wakitoka kumzika mwenzao walisema, "Amekwenda na Jumatatu," na aliyesikia hakuuliza zaidi.

Jilala, mwenzake Masunga wa shimoni, alifika mahali ambapo hata Alhamisi kwake ilikuwa Jumatatu. Hao wawili walikuwa zaidi ya ndugu. Jilala ndiye aliyeswaga ng'ombe wa mahari ya Masunga kutoka Mkula, siku mbili kwa miguu, mvua ikimnyeshea. Miaka kumi na sita walizunguka ndani ya sanduku moja, mmoja akianzisha wimbo, mwingine akiupokea. Masunga alijua pumzi ya Jilala kama anavyoijua yake, akaisikia ikifupika mwaka hadi mwaka, mpaka ikawa Jilala anapokea wimbo nusu, nusu anaumezea.

Mwaka wa sabini na moja upepo ulivuma kwa wafanyakazi. Chama kilikuwa kimetoa mwongozo mpya, redio ikawa inasema kutwa kwamba kiongozi asiwe na kiburi na mfanyakazi asikilizwe. Masunga alikuwa amehitimu darasa la kisomo cha watu wazima, anasoma gazeti bila kutumia kidole. Wakanyagaji wakamchagua awe mjumbe wao katika kamati ya wafanyakazi.

Meneja, Bwana Athanasi, alimwita ofisini juma lile lile. Alikuwa mtu mpole, aliyesoma, asiyepaza sauti. "Mjumbe wa kamati hawezi kuwa mtu wa msimu," alimwambia. "Sheria inataka awe mwajiriwa wa kudumu. Kuanzia leo wewe ni wa kudumu." Akampa kadi mpya. Masunga alikwenda nayo nyumbani, mkewe, mama Malimi, akaifunga ndani ya kitambaa na kuiweka sandukuni pamoja na kanga ya harusi. Masunga hakumuuliza meneja, wale wenzake ishirini na watatu basi ni watu wa namna gani. Swali hilo lilimjia miaka mitatu baadaye, na halikuwa tena na kazi.

Kazi ya ujumbe aliifanya kwa moyo. Alipita kwa kila mmoja, akaandika mahitaji yao kwenye daftari lake la kisomo: vitambaa vya kufunga pua na mdomo, feni ya kutoa vumbi, na mtu akikohoa damu apelekwe hospitali kwa gari la kinu. Akayapeleka ofisini, akayasoma amesimama, jasho likimtoka.

Athanasi alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akavuta droo, akatoa karatasi nyororo yenye picha ya mtambo wa rangi ya kijani.

"Ndugu Masunga, unanililia kitambaa?" alisema. "Mimi nakuletea dawa ya mzizi. Mtambo huu unashindilia pamba wenyewe na kufunga robota wenyewe. Hakuna mtu tena kushuka shimoni. Nchi inataka maendeleo, na wewe unataka vifua vya wenzako. Si kitu kimoja hicho?"

Masunga aliitazama picha. Mtambo ulikuwa safi, hauna hata unyuzi wa pamba. "Na watu, bwana meneja?"

"Watu watapangiwa kazi nyingine. Mfanyakazi hafukuzwi siku hizi bila kamati kukaa, na kamati ni wewe. Mimi ninachohitaji ni sauti yenu. Mkoani wakiona wafanyakazi wenyewe wameomba, fedha zitapatikana upesi. Barua ikienda kwa jina langu peke yangu, italala."

Masunga alitoka pale anatembea kama mtu aliyepewa ng'ombe. Jumamosi aliwakusanya wakanyagaji nyuma ya ghala la mbegu, akawaeleza. Wengi walifurahi. Jilala aliyekuwa ameketi juu ya gunia alikohoa kwanza, akatema, akafunika kwa vumbi kwa kisigino, ndipo akasema.

"Ngosha mwenzangu, mimi sijasoma. Nisaidie. Hilo shimo linakula kifua changu, kweli. Lakini ndilo linalolisha nyumba yangu. Huo mtambo utamlisha nani?"

"Mtapangiwa kazi nyingine. Meneja amesema."

"Amesema au ameandika?"

Watu wakacheka kidogo. Masunga akaona haya, na haya zikamgeuka hasira. "Jilala, unataka kufa na Jumatatu kama wengine? Mimi ninapigania mapafu yako, wewe unapigania shimo! Watu kama nyinyi ndio mnaorudisha nchi nyuma."

Jilala akatazama miguu yake, nyayo pana zilizolainika kama za mtoto kwa kukanyaga pamba miaka yote ile. "Haya," alisema. "Andika jina langu. Sitaki kuonekana nakupinga wewe mbele za watu."

Barua ikaandikwa, majina ishirini na manne chini yake, wengine wakaweka dole gumba. Barua haikulala.

Mtambo ulifika katikati ya msimu wa sabini na tatu, umefunikwa turubai juu ya lori, na mafundi wawili wa kuufunga. Siku ya kuuzindua ngoma ilipigwa, wageni walikuja kutoka mkoani, na Masunga akaitwa mbele aseme neno kwa niaba ya wafanyakazi. Alisema neno zuri. Akasema mtambo huu ni matunda ya umoja. Wakanyagaji walisimama mstari wa mbele wamevaa mashati yaliyofuliwa, wakapiga makofi kuliko watu wote. Kitufe kikabonyezwa, mtambo ukatoa robota la kwanza kwa muda ambao Masunga na Jilala wangekuwa bado wamezama mpaka kiunoni.

Msimu ulipofungwa, wakanyagaji walipanga mstari dirishani kama miaka yote, wakapokea haki yao ya mwisho wa msimu. Kawaida karani alikuwa akiwaambia, "Tuonane Juni." Mwaka ule hakusema. Juni ilipofika walikwenda getini, wakaambiwa hakuna nafasi. Hakuna aliyekuwa amefukuzwa. Hawakuitwa tu.

Masunga hakuamini mpaka alipoingia ofisini. Athanasi alimkaribisha kiti.

"Uliniambia watapangiwa kazi nyingine."

"Nilitegemea zingekuwapo, ndugu yangu. Bajeti imebana."

"Uliniambia mfanyakazi hafukuzwi bila kamati kukaa."

"Na hakuna aliyefukuzwa," Athanasi alijibu kwa upole uleule. "Hawa walikuwa watu wa msimu. Msimu ukiisha, ajira imeisha. Kila mwaka tuliwaandika upya, wewe si ulikuwa mmoja wao? Wa kudumu ulikuwa wewe peke yako. Na kazi yako ipo, usiwe na wasiwasi. Utautunza mtambo, uusafishe na kuutia grisi."

Masunga hakukubali. Alipanda lori la pamba mpaka Shinyanga, akamtafuta afisa kazi, kijana mmoja wa Bukoba aitwaye Theonest. Kijana yule alimpokea kwa heshima, akamwita mzee wangu ingawa Masunga hakuwa mzee, akafungua kitabu cha sheria na kumsomea. Kisha akakifunga.

"Mzee wangu, mtu akifanya kazi miaka kumi na sita, mimi na wewe tunajua kwamba huyo ni mfanyakazi. Kitabu hakijui. Kwenye kitabu amefanya kazi miezi sita, akaenda zake, akarudi mtu mpya." Akalivuta jalada la kinu mezani. "Mngekuja mapema mkaomba waandikwe wa kudumu, hapo ningekuwa na pa kushika. Na hii barua iliyomo kwenye jalada inayoomba mtambo, mmeitia sahihi wenyewe."

Masunga alirudi kwa lori lile lile.

Mwaka ule ule wa sabini na nne operesheni ya vijiji iliwakuta. Jilala, aliyekuwa na mji wake karibu na kinu, alihamishwa na watu wake mpaka kijiji kipya, eneo tupu lisilo na mti. Shamba lake la zamani likabaki mwendo wa saa mbili, na kwa pumzi yake saa mbili zilikuwa nne. Mvua nayo ikagoma. Watu wakala unga wa yanga, ule wa mahindi ya manjano ya msaada, na aliyeupata alijiona amebarikiwa.

Masunga, ambaye mshahara wake haukukatika, alipeleka debe la unga huo begani. Alimkuta Jilala ameketi nje ya kibanda cha mabua, na mkewe, Wilhelmina, anapepeta majani makavu ya kunde.

"Mwangaluka," Masunga alisalimu.

Wilhelmina aliitika. Jilala alinyamaza, si kwa chuki; alikuwa anakusanya pumzi. Alipoipata alisema, "Umekuja kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Umetembea vizuri. Mimi nikienda kisimani narudi kama mwizi, najikokota." Akalitazama debe. "Ni ule mtambo umetoa huo?"

"Jilala, ndugu yangu, mimi sikujua."

"Najua hukujua. Ungejua ningekuchukia, ingekuwa kazi rahisi." Akakohoa mpaka Wilhelmina akaacha ungo na kuja kumshika mgongo. "Uliniambia hadharani kwamba ninarudisha nchi nyuma," aliendelea. "Hapa nimekaa kila siku naitazama nchi, nangoja kuona imekwenda wapi sasa nilipotoka njiani."

Masunga alikaa mpaka jua likapinda, akaaga. Wilhelmina akamsindikiza hatua chache, akamwambia, "Wabeja kwa unga, baba Malimi."

Jilala alifariki mwaka uliofuata, kabla mtama haujakomaa. Alikufa siku ya Jumatano. Masunga alichimba kaburi na wenzake wa zamani wa shimoni, waliobaki kumi na saba, na hakuna aliyejitenga naye wala aliyemwita mjumbe.

Mtambo uliendelea. Masunga aliupaka grisi, akaufuta, akaujua kila mlio. Alikuwa akiusemesha wakati mwingine, na aliyoyasema si ya kuandika. Halafu, msimu wa sabini na tisa, vita vya Uganda vimekwisha na nchi imebaki mifuko mitupu, chuma kimoja ndani yake kikapasuka. Si kikubwa, ukubwa wa kiganja. Fundi akakitoa, akakionyesha, akasema hicho hakichongwi hapa, kinaagizwa ng'ambo, na ng'ambo wanataka fedha za kigeni. Pamba ikaanza kurundikana mpaka nje ya ghala. Siku ya nne mbao zilizofunikia shimo zikang'olewa.

Athanasi alimwita Masunga. Alikuwa amenenepa, nywele zimeingia mvi, sauti ile ile. "Tutahitaji watu thelathini. Wanakujua. Keshokutwa simama getini uwaandike. Vibarua wa siku."

"Hata wa msimu siyo?"

"Wa siku. Hatujui kipuri kitakuja lini."

"Bwana meneja, safari hii waandikwe wa kudumu, wapimwe vifua kwanza, wapewe vitambaa. Vinginevyo mimi siandiki mtu."

Athanasi alivua miwani, akaifuta. "Sawa," alisema. "Nenda kawaambie hivyo wenyewe."

Asubuhi ile Masunga alikuta getini watu zaidi ya mia. Habari zilikuwa zimefika mpaka kijiji cha Sola. Walikuwapo baadhi ya wakanyagaji wa zamani, vijana wasiowahi kuliona shimo, na wanawake. Masunga alipanda juu ya pipa, akawaeleza yote: kitabu cha sheria kinavyosema, kibarua wa siku hana wa kumlilia, na kinu kina haraka leo kuliko sisi. "Tukisimama hapa siku tatu tu bila mtu kuingia, watatuandika. Wanatuhitaji. Safari ile nilikosea mimi. Leo nisikilizeni."

Walimsikiliza. Hilo lazima lisemwe: walimsikiliza, wakakaa chini wote, na kwa saa mbili geti likawa wazi na hakuna aliyelipita. Masunga alihisi kifua chake kikipanuka kama cha siku ya Jumapili. Kisha mzee mmoja akainuka, akajifuta vumbi makalioni, akaenda zake ndani bila kumtazama mtu. Wakafuata wawili. Halafu wakawa wanakimbia, wasije wakakuta thelathini wametimia.

Wilhelmina alikuwa miongoni mwao. Alisimama mbele ya pipa, amejifunga kanga mbili kiunoni.

"Mayu, mama, wewe?" Masunga aliteremka, akasimama mbele yake. "Wewe unajua kilichomo mle. Umemzika mtu aliyetoka mle."

"Najua, baba Malimi. Wewe ukitoka hapa unakwenda kula, na ukishiba unaweza kungoja siku tatu. Mimi siku tatu sinazo." Akamgusa mkono, kama mtu anayeaga msibani. "Unayosema ni kweli. Nipishe."

Akampisha.

Ndani ya juma lile kamati ya wafanyakazi ilikaa. Ilikuwa na wajumbe wapya, vijana wenye kalamu. Walisoma shitaka: mwajiriwa wa kudumu kuchochea watu wasifanye kazi. Masunga alipewa nafasi ya kujitetea, akaruhusiwa kuleta shahidi, mambo yakafuatwa hatua kwa hatua kama yalivyoandikwa, wala hakuna kifungu kilichorukwa. Aliachishwa kazi kihalali kabisa. Miaka yote aliyoitafuta, sheria ile haikuwa imepata kufanya kazi vizuri namna hiyo.

Alihamia Sola, kwa wakweze, akalima pamba kama kila mtu, ekari iliyoamriwa na kijiji. Walipotaka kumfanya balozi wa nyumba kumi alikataa. Walipomwomba asome barua ya kijiji mkutanoni alisema macho yamechoka, ingawa mkewe alimwona akisoma gazeti lililofungiwa chumvi. Pamba yake aliipeleka mwenyewe mpaka kituo cha kununulia, akaitua, akageuka. Ikitoka pale inakwenda wapi na inakanyagwa na nani, hakutaka kusikia.

Lakini alisikia. Mwaka wa themanini na moja, mwezi wa tisa, Wilhelmina alipita Sola akitokea kinuni, amejitwika mzigo wake mdogo. Mama Malimi alimkaribisha, akampa maji na bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Alikuwa amekonda. Aliongea maneno matatu, akapumzika, akaongea matatu mengine, na Masunga, aliyekuwa anachonga mpini wa jembe, akaacha kuchonga, kwa sababu pumzi ile aliijua.

"Kipuri kimefika," Wilhelmina alisema. "Jana. Mtambo umewaka."

"Na nyinyi?"

"Tumeambiwa tupumzike."

"Mtaitwa lini?"

Wilhelmina alitafuna, akameza. "Hawakusema. Lakini meneja alitoka nje mwenyewe, akatushukuru sana. Alisema tumeokoa taifa." Akasukuma bakuli kwa mama Malimi. "Hii michembe mlianika wenyewe? Mitamu."

"Ya kwetu," mama Malimi alijibu. "Kula, bado ipo."

Masunga aliokota panga lake, akakaa nalo mkononi, mpini uko mapajani, na hakuchonga.